Ashoki Ilipandisha Kipimo, Mpogoro Ukatoa Kivuli: Uchambuzi wa Kisa cha Upandaji Miti Dodoma

Kisa hiki kilitokea katika eneo la taasisi moja jijini Dodoma. Jina la taasisi, mahali ilipo hasa na miaka ya matukio vimeondolewa, na hesabu za miti zimetolewa kwa makadirio. Mwandishi alikuwa mshauri wa mimea katika kamati ya mazingira ya taasisi hiyo, na sehemu kubwa ya makosa yanayoelezwa hapa ni yake mwenyewe.

Usuli

Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi saba inayobaki ni kiangazi chenye upepo na vumbi, na mti usiojua kuimudu miezi hiyo hauwezi kuitwa mti wa Dodoma hata ukiletewa maji kwa boza kila wiki. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini ujenzi uliobadilisha sura yake ulikuja baada ya serikali kuanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na hadhi ya jiji ikafuata Aprili 2018. Viwanja vipya vilisafishwa kwa greda, vichaka vikang'olewa, kisha kila kiwanja kikahitaji miti, na kikaihitaji upesi.

Eneo tunalolizungumzia ni la hekta chache. Upande wa juu kuna udongo mwekundu wa kichanga, na upande wa chini kuna korongo linalopitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Wajenzi waliacha mikababu mitatu mikubwa kando ya korongo, ile ambayo Wagogo huiita mipogoro, pamoja na mbuyu mmoja na migunga kadhaa iliyobaki kwenye uzio. Miti mingine yote ilipandwa na watu, na ilitoka kwenye vitalu vya mjini.

Kilichoamsha shauri hili ni mchwa. Katika kiangazi kimoja kikali mchwa walimaliza mstari mzima wa mikaratusi michanga kwenye maegesho ya magari, wakaendelea na mijohoro iliyokuwa imedhoofika kwa kiu. Uongozi uliona aibu ya vigogo vikavu mbele ya wageni na ukaagiza kamati ilete mpango wa "kuchanganya aina", bila kueleza kuchanganya huko kutapimwaje. Kazi ya kulijibu swali hilo nikapewa mimi.

Hesabu ya kwanza na kipimo tulichokichagua

Tulianza kwa kuhesabu. Mwanafunzi mmoja wa botania aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alizunguka eneo lote na daftari, futi kamba na mkasi, akaandika kila mti uliozidi kimo cha mtu. Miti ilipita mia nne kidogo, na spishi zilikuwa ishirini na ushei. Kwa macho ya mpita njia hiyo ni idadi ya kuridhisha. Lakini zaidi ya theluthi moja ya miti yote ilikuwa mwarobaini, na ukijumlisha mwarobaini, mjohoro na mkrismasi ulikuwa umekwisha kupata karibu theluthi mbili ya miti yote. Mwaka 1990 Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, alipendekeza kanuni ambayo wapanda miti wa mijini bado huitumia: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Sisi tulikuwa tumeivunja kwa spishi, kwa jenasi na kwa familia, kwa kuwa mwarobaini peke yake ulipita theluthi na familia ya mikunde ilikaribia nusu.

Kanuni ya Santamour ni nzuri kwa haraka, ila ina upofu wake. Inauona mwarobaini na mkangazi kuwa familia moja, na inauona mwarobaini na mwembe kuwa familia mbili, lakini haioni kwamba familia hizo mbili zenyewe ni ndugu wa karibu, pamoja na ile ya miti ya ubani na manemane ambayo michongoma yake imejaa nyika za Dodoma. Kwa hiyo nilishauri tutumie mti wa nasaba, yaani mchoro unaoonyesha ni lini ukoo mmoja wa mimea uliachana na mwingine. Mwaka 1992 Daniel Faith alitoa njia ya kuupima uanuwai wa nasaba kwa kujumlisha urefu wa matawi yote yanayoziunganisha spishi zilizopo mahali fulani. Miaka michache baadaye Campbell Webb akaongeza kipimo cha wastani wa umbali kati ya kila jozi ya spishi, ambacho hulinganishwa na spishi zilizochotwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya eneo pana. Wastani ukiwa mdogo kuliko wa bahati nasibu, jamii hiyo ya mimea imejikusanya kinasaba. Ukiwa mkubwa, imetawanyika.

Hoja yangu mbele ya kamati ilikuwa ya kiafya. Wadudu na magonjwa ya mimea hufuata undugu. Mwaka 2007 Gregory Gilbert na Webb huyo huyo walionyesha, kwa majaribio ya vimelea katika msitu wa Panama, kwamba uwezekano wa kimelea kuushambulia mmea wa pili hupungua kadiri mmea huo unavyokuwa mbali kinasaba na ule wa kwanza. Afrika Mashariki tulikwisha kuliona jambo la namna hiyo kwa macho mwaka 1992, pale mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mlusina alipoingia na kuidumaza milusina kila mahali ilipokuwa imepandwa kwa wingi. Mwarobaini nao uliwahi kushambuliwa vikali na wadudu gamba katika nchi za bonde la Ziwa Chad. Eneo lenye theluthi ya miti yake katika spishi moja lilikuwa linasubiri zamu yake.

Kamati ilikubali, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa, ingawa hatukuliona: tulikubaliana kwamba lengo la mpango ni *kupandisha* kipimo cha nasaba. Hakuna aliyeuliza kipimo hicho kikipanda nani atafaidika, na katika mwezi gani.

Orodha ya mwaka wa kwanza

Tulikusanya majina ya spishi zote zilizopatikana kwenye vitalu vitatu vya mjini, tukaziweka kwenye mti wa nasaba kwa programu ya kompyuta, kisha tukazipanga kulingana na kiasi ambacho kila moja ingeongeza kwenye jumla ya matawi.

Juu kabisa ikaja ashoki, ule mti mwembamba ulionyooka kama mlingoti. Ashoki ni wa familia ya mstafeli na mtopetope, na ukoo huo uliachana na koo za mwarobaini, mikunde, mbuyu na hata mjakaranda zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Katika eneo letu hapakuwa na mti mwingine wa tawi hilo, kwa hiyo ashoki moja tu iliongeza tawi refu kuliko spishi tano za mikunde kwa pamoja. Mitende ya mapambo ikawa ya pili kwa sababu hiyo hiyo, maana ukoo wake ni wa akina mahindi na nyasi. Mjakaranda ukaja wa tatu.

Chini kabisa ya orodha ikawa mipogoro na migunga, na sababu yake ilikuwa ya kimahesabu tu: ni mikunde, na mikunde tulikuwa nayo tele. Kwa mujibu wa uainishaji uliofanywa upya mwaka 2017, migunga, mijohoro na mikrismasi huwekwa katika familia ndogo moja, na mkwaju ndio uliotengwa na kupewa tawi jingine. Programu haikuona faida ya kuongeza mpogoro mahali palipojaa mijohoro.

Mlinzi wa lango la chini, mzee wa Kigogo aliyekulia vijiji vya jirani na ambaye kamati ilimwalika kwa heshima zaidi kuliko kwa kumsikiliza, aliisikiliza orodha ikisomwa hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mpogoro umeuweka mkiani kwa kosa gani? Wenzake wakivua nguo, huo ndio unavaa." Nilimjibu kwa adabu kwamba mpogoro ni mti mzuri, lakini undugu wake tunao wa kutosha. Mzee hakubishana. Aliomba miche michache ya "huyo wa mkiani" apande mwenyewe kando ya korongo, na mtunza kitalu akampa saba iliyokuwa imebaki kwenye viriba, pamoja na migunga michache ambayo haikuwa na mnunuzi.

Miche mia mbili na ushei ilipandwa kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Januari, kwenye mashimo ya sentimita 60 kwa 60 yaliyochanganywa samadi. Karibu nusu yake ilikuwa ashoki. Safu zilipendeza, na kipimo cha nasaba kilipanda kwa kiasi ambacho nilikionyesha uongozini kwa mchoro wa rangi.

Kiangazi

Mvua zilikatika mapema Aprili. Hadi Julai boza lilikuja kila wiki, baadaye likawa linakuja likipatikana. Kuanzia Agosti ashoki zilianza kukauka kutoka kileleni kushuka chini: kwanza ncha za majani zilikuwa rangi ya chai, kisha majani yote ya juu yakawa yananing'inia bila kuanguka, kisha gome likawa linabanduka ukilikwaruza kwa ukucha na chini yake pana ukavu mtupu. Mwezi Oktoba, tulipozunguka kwa hesabu ya pili, karibu robo tatu ya ashoki ilikuwa imekufa. Mitende ilipona pale tu ilipokuwa jirani na tangi la maji. Mijakaranda ilikuwa imepukutisha majani yake lakini mingi ilikuwa hai.

Siku hiyo ya hesabu jua lilikuwa la kuchoma kichwa, na tulipofika upande wa chini tuliwakuta madereva wa bodaboda kumi na zaidi wamejipanga chini ya mipogoro mitatu ya zamani, pikipiki zao zikiwa kivulini. Mbuyu ulikuwa mtupu. Mikrismasi ilikuwa imebeba maganda makavu yanayolia kwa upepo. Mipogoro ilikuwa imejaa majani mabichi. Mti huu huchipua kiangazi na kupukutika mvua zinapoanza, kinyume cha karibu miti yote inayouzunguka, na ndiyo sababu wakulima huuacha mashambani: wakati wa mazao hauwanyimi jua. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu darasani. Katika jedwali langu la mwaka wa kwanza halikuwa na safu.

Kati ya mipogoro saba ya mzee, sita ilikuwa hai, na haikuwahi kufikiwa na boza.

Chungu cha mlenda

Wiki ile ile mwanafunzi alirudi kutoka kantini na swali ambalo lilibadili mwelekeo wa kazi yetu kuliko semina yoyote. Mama wa kantini alikuwa anachambua mlenda, na mwanafunzi, kwa mazoea ya kazi, aliuangalia. Akaona ndani ya fungu moja kuna mimea miwili tofauti: mmoja una vijimeno kwenye kingo za jani na vikonyo viwili vyembamba kama masharubu chini ya jani, na mwingine una majani membamba marefu na ua la zambarau lenye umbo la kengele. Akauliza ni upi mlenda. Mama akamjibu, "Yote mlenda, mwanangu. Ikiingia chunguni inavutika sawasawa."

Mmea wa kwanza ni wa familia ya mbuyu, bamia na pamba. Ute wake si wa ajabu, maana familia hiyo yote ina ute: bamia unavutika, majani machanga ya mbuyu yakipikwa yanavutika, na hata gome bichi la mbuyu likikatwa hutoa utelezi. Hapo undugu unatabiri sifa. Mmea wa pili ni wa familia ya ufuta, ukoo wa mbali kabisa, ambao uliachana na ukoo wa mbuyu zamani kuliko binadamu anavyoweza kufikiria, lakini nao umefika kwenye ute ule ule kwa njia yake. Hapo sifa imezaliwa mara mbili, na undugu hausemi kitu.

Baada ya hapo kila tulichokitazama kilituambia jambo hilo kwa namna yake. Mjakaranda na mkrismasi, visipokuwa na maua, huwachanganya wanafunzi kila mwaka, kwa kuwa yote ina majani yaliyogawanyika mara mbili kuwa vijani vidogo kama manyoya ya ndege, ilhali mmoja ni wa familia ya mwegea na mwingine ni mkunde. Kwa upande mwingine, mduguyu, mti wenye miiba mirefu na matunda ya kumung'unya, na mbigili, ule mmea unaotambaa chini na kutoboa kandambili, ni wa familia moja. Ndugu wawili, mmoja amesimama na mwingine amelala. Na mgunga hujitengenezea mbolea ya naitrojeni kwa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake, ilhali mjohoro na mkrismasi, nduguze wa karibu, hawana vinundu hivyo. Programu yetu ilikuwa imeukataa mgunga kwa hoja kwamba "tunao".

Kupima sifa

Mwaka wa pili tulikubaliana kupima sifa zenyewe badala ya kuzikisia kwa nasaba. Tulichagua tano ambazo zilikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na kiangazi na kivuli: eneo la jani kwa kila gramu ya uzito wake mkavu, ukubwa wa jani, uzito wa mbao kwa ujazo, uzito wa mbegu, na kalenda ya majani. Majani yalichumwa asubuhi na mapema, yakawekwa kwenye mifuko yenye unyevu, yakachorwa juu ya karatasi za grafu, kisha yakakaushwa kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 70 hadi uzito ukaacha kushuka. Kalenda ya majani haikuhitaji chombo chochote isipokuwa miguu: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwanafunzi alizunguka njia ile ile na kuandika ni miti gani ina majani mengi, machache, au haina kabisa.

Jambo moja lilitupotezea karibu mwezi mzima na linafaa kutajwa. Mwanafunzi alipima kijani kimoja kimoja cha mgunga, chenye upana wa milimita moja hivi, akakiandika kama jani. Kwa mwarobaini akapima kijani kimoja pia, kwa mbuyu akapima kiganja chote cha vijani. Matokeo yake mgunga ulionekana kuwa kitu cha pekee duniani na mbuyu kuwa kinyume chake, na kipimo chote cha uanuwai wa sifa kikawa kinaeleza tofauti ya jinsi ya kupima badala ya tofauti ya miti. Tulirudia yote, tukaandika jani zima na kijani katika safu mbili tofauti. Kosa la pili la aina hiyo lilikuwa la majina. Tangu mkutano wa botania wa Vienna mwaka 2005 jina *Acacia* limebaki kwa kundi la Australia, na migunga ya Afrika imehamia *Vachellia* na *Senegalia*. Orodha ya kitalu ilikuwa na jina la zamani, programu ikalitii, na migunga yetu ikapelekwa kukaa na binamu zake wa Australia kwenye mti wa nasaba hadi tulipoigundua.

Kuunganisha sifa zote tano tulitumia kipimo cha Laliberté na Legendre cha mwaka 2010, ambacho huangalia kila spishi iko mbali kiasi gani na kitovu cha sifa zote, na huizingatia idadi ya miti ya kila spishi. Tulijaribu pia kupima kama sifa zinafuata nasaba, kwa kipimo cha Blomberg na wenzake cha mwaka 2003. Uzito wa mbao ulionyesha dalili ya kufuata undugu. Kalenda ya majani haikuonyesha kabisa. Hata hivyo nisingependa msomaji auegemee sana uamuzi huo, kwa kuwa waliotunga kipimo wenyewe walionya kwamba kinahitaji spishi 20 hivi ili kiwe na nguvu, nasi tulikuwa hapo hapo mpakani.

Uamuzi wa pili

Mpango mpya uligeuza mpangilio wa maswali. Swali la kwanza likawa la sifa: je, mche huu utaishi kuanzia Juni hadi Novemba kwa maji ya mwaka wa kwanza tu, na je, utakuwa na majani katika miezi ambayo watu wanahitaji kivuli? Zilizofaulu tu ndizo zilizopelekwa kwenye swali la pili, la nasaba, ambalo sasa lilikuwa na kazi yake halali, yaani kuhakikisha miti iliyofaulu haitoki kwenye ukoo mmoja unaoweza kuangushwa na mdudu mmoja. Swali la tatu lilikuwa kanuni ya Santamour kwa idadi ya miti.

Tulipokwama kwenye swali la pili tulifanya jambo ambalo naliona kuwa ndilo la maana kuliko yote katika kisa hiki. Kwa kila tawi la nasaba lililokuwa limewakilishwa na mti wa mapambo usiovumilia ukame, tulitafuta ndugu yake wa nyika. Badala ya mjakaranda, uliotoka Amerika ya Kusini, tukaweka mwegea, ambao ni wa familia hiyo hiyo na wa kwetu. Badala ya mtende wa mapambo tukajaribu mkoma. Kwa tawi la ashoki tukafikiria mtopetope wa porini, ambao hauwi mti mkubwa lakini huvumilia moto na kiu. Kwa tawi la mwarobaini na mwembe tukapanda mng'ongo. Tukaongeza mduguyu, mkunazi, mkwaju, mgunga aina ya mkungugu, na mpogoro kando ya korongo, mahali ambapo mizizi yake mirefu ingeweza kuyafuata maji ya chini.

Vitalu vya mjini havikuwa na zaidi ya nusu ya spishi hizo. Mtunza kitalu alikusanya mbegu mwenyewe, akaziloweka za migunga na za mbuyu kwenye maji yaliyochemka na kuachwa yapoe, na akahitaji msimu mzima kabla ya kupata miche ya kutosha. Uongozi haukufurahia kuchelewa huko, na kusema kweli mchoro wangu wa rangi wa mwaka uliotangulia ndio uliowafundisha kutarajia mambo ya haraka.

Matokeo

Baada ya kiangazi cha tatu, miche mingi ya mpogoro, mkungugu, mduguyu na mkwaju ilikuwa hai. Mwegea na mng'ongo zilifanya vizuri upande wa chini na vibaya upande wa juu. Mkoma unakua polepole mno kiasi kwamba mtu asiyejua angedhani umekufa. Mtopetope wa porini haukufanikiwa: mbegu chache ziliota, na mbuzi wa jirani wakazimaliza.

Kulikuwa na gharama ambazo hatukuziandika mwanzoni. Miiba ya mkungugu ilitoboa matairi ya pikipiki, na ikabidi miche minne ihamishwe kutoka maegeshoni. Maganda ya mipogoro ya zamani yaliwavuta ng'ombe na mbuzi hadi uzio ukabomolewa mara mbili. Na mwegea mmoja ulipandwa karibu na maegesho na mtu ambaye hakuwahi kuliona tunda lake, ambalo hufika kilo kadhaa na hudondoka bila kutoa taarifa. Huo nao ulihamishwa.

Uchambuzi

Kilichofaa kwanza ni kuhesabu kabla ya kupanda. Bila hesabu ile tungeendelea kuamini kwamba spishi ishirini na ushei ni mchanganyiko. Kuhusu jambo hili uzoefu wetu unafanana na ule ambao Sonja Knapp na wenzake waliuandika kutoka Ujerumani mwaka 2008: miji ilikuwa na spishi nyingi za mimea, lakini utajiri huo wa spishi haukuambatana na utajiri wa nasaba wa kiwango hicho, kwa kuwa spishi nyingi zilitoka kwenye koo chache zenye sifa zinazofaa mjini.

Kilichofeli ni tafsiri. Katika misitu na nyika, jamii ya mimea inapoonekana imejikusanya kinasaba, mwanaikolojia huuliza ni mazingira gani yaliyochuja, na hata Darwin mwaka 1859 alikwisha kutafakari kwa nini mimea ya ugenini hufanikiwa au hushindwa kulingana na undugu wake na ile inayoikuta. Katika eneo letu kichujio cha kwanza hakikuwa ukame wala mchwa. Kilikuwa kitalu. Mwarobaini ulitoka Asia ya Kusini, mjohoro Asia ya Kusini-Mashariki, mkrismasi Madagaska, mlusina Amerika ya Kati, na vyote vilikutana Dodoma kwa sababu mbegu zake huota kwa urahisi kwenye kiriba na wateja huzijua. Tuliporudia hesabu ya Webb kwa kulinganisha na mimea ya asili ya nyika, miti yetu ilionekana imetawanyika kinasaba. Tulipolinganisha na orodha ya vitalu, haikutofautiana na bahati nasibu. Data ni ile ile, majibu mawili. Mtu anayetaka kuandika kwamba mimea ya mji fulani "imejikusanya" ana wajibu wa kueleza ameilinganisha na orodha ya nani.

Nilipoulizwa kwenye kikao kwa nini sikumsikiliza mzee, nilitaka kujibu kwamba maneno yake hayakuwa katika umbo la data. Si kweli. "Wenzake wakivua nguo, huo ndio unavaa" ni kauli ya kalenda ya majani iliyo sahihi kuliko safu yoyote niliyokuwa nayo mwaka ule, na ingetosha kuongeza safu moja kwenye jedwali. Nilichokosa ni safu hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nasaba inatosha kubeba sifa zote mgongoni.

Hata hivyo sioni sababu ya kulitupa swali la nasaba, kama mjumbe mmoja alivyopendekeza. Sifa tano tulizopima hazisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya mdudu ambaye bado hajafika Dodoma, na kwa sifa hiyo isiyopimika undugu ndio ushahidi wa karibu tulio nao. Mpango wa sasa una mikunde mingi kuliko ambavyo ningependa, kwa sababu mikunde ndiyo inayoiweza nyika hii, na hilo ni deni ambalo mng'ongo, mduguyu na mwegea vimelipunguza kidogo tu.

Limebaki jambo dogo la kimahesabu. Ashoki mbili zilizopandwa nyuma ya kantini hazikufa, kwa kuwa mama wa kantini huzimwagia maji ya kuoshea vyombo kila jioni, na sasa zimepita kimo cha paa. Kipimo cha Faith huangalia spishi ipo au haipo, wala hakiulizi ni miti mingapi. Kwa hiyo kwenye hesabu ya mwaka wa tatu tawi lile refu la ashoki bado linahesabiwa lote, sawasawa na lilipokuwa na miti mia moja, na tukizitoa hizo mbili kwenye orodha hakuna spishi nyingine ambayo kutoka kwake kunakiangusha kipimo hicho kwa kiasi kikubwa kama hicho.